Radi na Mipini Laini

Kuna wanaume wanaozeeka vizuri, halafu kuna Radi. Nasema hivi kwa upendo, na mwenyewe angekuwepo hapa angekubali. Alikuwa msimamizi wa karakana kwenye kiwanda cha saruji kwa miaka thelathini na mmoja, mtu wa spana na grisi, na jina hilo la Radi hakupewa kwa sababu ya ukali. Alipewa uwanjani. Kiwanda kilikuwa na uwanja wake wa gofu, mashimo tisa tu, majani yake yamefunikwa vumbi jeupe kila upepo unapogeuka, na zamani ulikuwa wa wakubwa peke yao. Siku wafanyakazi waliporuhusiwa kucheza, Radi alishika fimbo ya kuazima, akapiga mpira wa kwanza, na waliokuwa wakinywa chai kibarazani wakainuka kuangalia kama kuna kitu kimepasuka. Basi, jina likaganda.

Jina kama hilo ni tamu ukiwa na miaka arobaini. Ukifika sabini na moja, linageuka mzigo. Mipira yake ilianza kushuka mapema. Shimo la tatu lina mtaro wa maji katikati, na miaka yote alikuwa akiuruka bila hata kuufikiria. Sasa mpira ulikuwa ukiingia humo humo kwenye mtaro, chubwi, kila Jumamosi. Mwanzoni alisingizia upepo. Akasingizia mipira ya siku hizi, eti ni mizito. Akasingizia viatu, mpaka mkewe akamwambia kwamba vilivyobaki kusingiziwa ni soksi.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo wasiocheza. Mpini wa fimbo ya gofu hupinda kidogo mtu anapozungusha mikono, kisha hujinyoosha pale fimbo inapogonga mpira. Mwenye kasi anatumia mpini mgumu, maana ulio laini utampeleka mpira kusikojulikana. Aliyepungukiwa na kasi anahitaji mpini laini, umsaidie kuunyanyua. Hakuna ushujaa wala unyonge hapo, ni sawa na namba ya kiatu. Karibu na mahali pa kushikia kuna kikaratasi cha kunata chenye herufi: S ni mgumu, R ni wa kawaida, A ni laini, wa watu wa umri.

Lakini kwenye uwanja ule herufi ilikuwa cheo. Kabla ya mchezo mikoba yote huegemezwa kwenye reli ya kibaraza, na wanaume wazima, wenye wajukuu, hupita wakijifanya wananyoosha mgongo kumbe wanasoma mipini ya wenzao. Na aliyeanzisha ujinga huo ni Radi mwenyewe. Yeye ndiye aliyeiita mipini laini tambi. "Mhasibu naye anachezea tambi siku hizi," alisema siku moja kwa sauti, mhasibu mstaafu akiwa hapo hapo na kikombe mkononi. Watu walicheka. Mhasibu naye alicheka, ila masikio yalimwiva.

Kwa hiyo alipoamua kwenda kwa fundi wa fimbo, Radi hakumwambia mtu. Alipanda basi la alfajiri kwenda mji wa pili, fimbo zake amezizungushia shuka la zamani kama anasafirisha mabomba. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, karakana yake ni chumba kimoja chenye jiko, jiliwa la kubania mipini na harufu ya gundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja unikagulie hizi fimbo. Nadhani vichwa vimechoka."

Fundi alimpa mipira mitano, akamwambia aipige kwenye wavu huku kimashine kidogo kikihesabu kasi. Radi alijikaza kisabuni. Mpira wa tano alitoa mpaka mguno. Fundi akakiangalia kimashine, akaandika, akavua miwani.

"Vichwa ni vizima, mzee. Mipini ndiyo imekushinda. Huu ni wa mtu anayepiga kwa kasi ya kijana. Wewe nikufungie A."

"Hakuna kitu cha katikati?"

"R? Ningekufungia, ila utarudi hapa baada ya mwaka." Alisema bila dharau, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Jaribu huu kwanza."

Akampa fimbo yenye mpini laini. Radi akazungusha mikono bila hata kukamia, na mpira ukatoka. Aliujua ule mlio. Alikuwa hajausikia kwa miaka sita. Alisimama pale mbele ya wavu, akaomba maji ya kunywa ili tu ageuze uso. Kisha akasema afungiwe zote A, na baadaye, wakati gundi inakauka, akauliza kwa sauti ya chini iwapo vikaratasi vinaweza kubaki vya S.

"Mimi naandika nilichofunga, mzee," fundi akajibu. "Ila vile vya zamani ni vyako, nitakupa na mipini yako."

Haya. Mtu mzima huyo, baba wa watoto wanne, alikaa kwenye meza yake ya kulia chakula siku iliyofuata na mashine ya mkewe ya kukaushia nywele. Alikuwa anapasha vikaratasi moto mpaka gundi inalegea, anavibandua kwa ncha ya wembe, vya A anatupa, vya S anabandika mahali pake, vimenyooka, bila kiputo hata kimoja. Kwenye fimbo kubwa ya kufungulia mchezo herufi A ilikuwa imechapwa kwenye mpini wenyewe. Hapo akabandika S juu yake. Nawaambia, kazi ilikuwa safi. Mkewe alisimama mlangoni akamtazama muda mrefu.

"Hiyo mashine ni ya nywele," akasema.

"Namaliza sasa hivi."

"Unamficha nani, mzee?"

"Watu wana midomo, mama. Hujui maneno ya pale."

"Maneno ya pale si ni yako?" mkewe akauliza, akarudi jikoni.

Jumamosi hiyo mpira wa Radi uliuruka mtaro wa shimo la tatu na kuangukia hatua ishirini mbele yake. Kibaraza kizima kililipuka. Walimsalimia kwa heshima mpya, wakamwagizia chai, na kila aliyepita kwenye reli aliinama kidogo, akasoma S, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Radi alivimba. Kwa wiki mbili alitembea kifua mbele, na kama mambo yangeishia hapo ningewaambia ni utoto tu wa uzeeni, tucheke, tuachane naye.

Lakini kulikuwa na shemeji yake. Huyu ni mdogo wa mkewe, sitini na sita, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda hicho hicho, na mpaka leo watu wanamwita Stoo. Ni mtu mpole, mwembamba, aliyeishi maisha yake yote akisoma maandishi ya kwenye maboksi na kuyaamini. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na watoto wako mbali. Baada ya msiba alikaa ndani miezi, mapazia yamefungwa, anakula mkate mkavu. Aliyemtoa ni Radi, kusema haki. Alikwenda kumgongea kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akamburuta mpaka uwanjani, na taratibu Stoo akaanza kunyoa ndevu tena. Gofu ndiyo iliyokuwa imebaki inamwamsha mtu yule asubuhi. Dada yake alilijua hilo, na Radi alilijua.

Sasa Stoo alikuwa na kiwiko kibovu, na alikuwa ameshafanya uamuzi wake kimya kimya: anaagiza mipini ya A kwa simu kutoka duka la mjini, acha wacheke. Wiki ya pili ya utukufu wa Radi akamfuata kwenye reli, akashika ile fimbo kubwa, akaigeuza, akasoma.

"S," akasema. "Bado S, shemeji?"

Hapo ndipo pa kusema. Walikuwa wawili tu. Radi alifungua mdomo, na wakati huo huo mhasibu akapita nyuma yao akielekea bombani kunawa mikono.

"Kila mtu na mwili wake," Radi akasema.

"Hapana, nauliza kwa sababu nilitaka kuagiza A. Lakini wewe umenizidi miaka mitano, na unaruka mtaro. Basi tatizo si mpini. Tatizo ni mimi nimejiachia." Stoo akairudisha fimbo mahali pake kwa uangalifu, kama alivyokuwa akirudisha vitu stoo. "Nitaagiza S. Nijifunze kuwa mwanaume."

Radi akasema wacheze, jua linapanda. Ndivyo alivyosema, jua linapanda, na wala halikuwa limefika popote.

Fimbo za S zikaja. Stoo akaanza kuzipiga kwa nguvu zake zote, na mipira ikawa inatambaa kwenye majani. Alifunga kiwiko bandeji. Alianza kufika mapema kufanya mazoezi peke yake, akipiga mpira baada ya mpira, na Radi akimtazama kutoka kibarazani chai ilikuwa haishuki. Stoo hakulalamika hata siku moja. Angelalamika ingekuwa afadhali. Alikuwa anaomba ushauri.

"Nitazame mikono, shemeji. Nakosea wapi?"

Na Radi anamtazama mikono. Anamwambia ainue bega, asogeze mguu, ashushe pumzi. Uongo mtupu, kila neno, na Stoo anafuata kama mwanafunzi. Siku moja bwege mmoja wa kule kwenye karakana mpya, hajui hata historia ya watu, akasema Stoo amebakiza kucheza karata. Wakacheka. Radi alitaka kumkemea akakumbuka nani aliyewafundisha kucheka vile.

Ilikwenda hivyo miezi minne. Kila usiku Radi alijiambia kesho, na kila kesho ilikuwa na watu wengi mno. Roho ilimsuta mpaka akaanza kukwepa macho ya mkewe mezani. Halafu Alhamisi moja Stoo hakuja uwanjani. Jumamosi hakuja. Jumapili mchana alikuja nyumbani kwao na mkoba wake wote wa fimbo begani, amevaa shati la pasi, akauegemeza ukutani sebuleni.

"Chukua, shemeji. Wewe ndiye unayeziweza."

"Unasema nini wewe?"

"Nimechoka. Wala sijakasirika, usifikiri. Mwili umekwisha, mtu lazima akubali." Alitabasamu kidogo. "Nilikuwa najidanganya. Unanitia moyo bure kila siku, unaniambia bega, mguu, na najua unanionea huruma tu. Ahsante sana."

Alimshukuru. Radi alikaa kwenye kiti chake na shukrani ile, mikono juu ya magoti, akitamani sakafu imchukue. Mkewe alikuwa amesimama na sinia la chai. Stoo alikunywa nusu kikombe, akaaga, na walipoufuata kwa macho mgongo wake ukivuka barabara, mkewe akaliweka sinia chini.

"Mdogo wangu anakwenda kufunga mapazia," akasema.

"Najua."

"Mimi nimenyamaza kwa sababu ni wewe uliyemtoa ndani mara ya kwanza. Nikasema, atamwambia mwenyewe, ni rafiki yake. Nimenyamaza mpaka nimekuwa mwenzako kwenye huu uchafu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Nipe mpaka kesho asubuhi."

Mkewe alikusanya vikombe akaenda kuviosha, na Radi akachukulia kwamba amekubali.

Jioni mkewe alipotoka, Radi hakumuuliza anakokwenda; alikuwa chumbani akitunga maneno ya kesho. Usiku hakulala. Asubuhi akabeba mkoba wake na ule wa Stoo, mmoja kila bega, akapita mtaa mzima hivyo, watu wakimsalimia naye akiitika chini chini. Alikuwa ameshatunga maneno. Kila alipofika kona alikuwa ameyapoteza, anayatunga upya.

Stoo alifungua mlango kabla hajagonga mara ya pili. Alikuwa amenyoa. Nyuma ya nyumba yake kuna kiwanja kitupu hadi kwenye uzio wa shule, na Radi, badala ya kusema, akamwomba watoke wakapige mipira miwili mitatu. Alikuwa na wazo kwamba mambo yataeleweka yenyewe.

"Piga kwa fimbo yangu," akasema.

Stoo alimtazama kidogo, akaichukua ile fimbo kubwa. Akachomeka kijiti ardhini, akaweka mpira juu yake, akazungusha mikono taratibu kwa sababu ya kiwiko. Mpira ukaondoka umenyooka, juu, ukaenda kuangukia karibu kabisa na uzio. Radi alikuwa hajaona shemeji yake akipiga hivyo tangu msiba. Alimgeukia akitegemea kuona furaha.

"Imekwenda," Stoo akasema tu.

"Shemeji." Sauti ya Radi ilikuwa imekauka. "Hiyo si S."

Radi akaipokea fimbo, akaingiza ukucha chini ya kikaratasi, na kwa kuwa alikibandika vizuri kilikataa kutoka, ikabidi akikwangue vipande vipande, kazi ya aibu, kichwa kimeinama, mwenzake amesimama anangoja. A ikatokea. Akamwonyesha. Kisha akasema yote: basi la alfajiri, fundi, mashine ya nywele, mtaro. Akasema kwamba siku ile kwenye reli alitaka kusema na hakusema kwa sababu mhasibu alikuwa anapita. Aliposikia hilo likitoka mdomoni mwake, miezi minne ya kiwiko cha mtu kwa sababu mhasibu alikuwa anapita, alilia. Mwanaume aliyeitwa Radi alilia kwenye kiwanja kitupu huku kengele ya shule ikigonga.

"Nimekuua bure," akasema. "Hukuwa na tatizo lolote. Nilikuwa naona kila siku, na nilinyamaza. Naona haya, shemeji. Naona haya hata kukuita shemeji."

Stoo alimwacha alie. Kisha akamwekea mkono mgongoni, kidogo, mara mbili. Mtu angesema limekwisha. Radi mwenyewe alivuta pumzi akahisi limekwisha.

"Na dada?" Stoo akauliza. "Alijua?"

Akilini Radi alimwona mkewe na sinia la chai. Akaona ndugu wawili wasio na ndugu mwingine duniani, na akaona kwamba hiki angalau anaweza kukibeba peke yake. Hakufikiri hata nusu dakika.

"Hapana," akasema. "Hakujua kitu. Nilifanya mwenyewe."

Stoo aliondoa mkono wake.

"Alikuja jana usiku," akasema. "Alikaa pale jikoni mpaka saa nne, akaniambia kila kitu. Akaniomba msamaha kwa kunyamaza. Nikamwambia nitangoja nione kama na wewe utakuja." Alikuwa anaongea polepole, bila ukali, anatazama uzio. "Ukaja. Nimekuona kwa dirisha unavuka na mikoba miwili, nikafurahi. Nilikuwa nimeshakusamehe hata kabla hujakwangua hicho kikaratasi."

"Nilitaka kumkinga dada yako."

"Najua ulitaka nini. Tatizo ni kwamba uongo wako umeusema vizuri mno. Kama nisingekuwa najua, ningekuamini kama nilivyokuamini miezi yote."

Kulikuwa na maneno mengi ya kweli ya kusema, na Radi akagundua kwamba hakuna hata moja ambalo mtu huyu sasa angelazimika kuliamini.

Stoo akanyoosha mkono akachukua ile fimbo, akaweka mpira mwingine. Akapiga. Ulikwenda mbali kuliko wa kwanza. Miaka yote, mpira mzuri wa Stoo ukiondoka, Radi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema "safi". Safari hii alifumba mdomo. Stoo akainama, akachomeka kijiti tena, akaendelea kupiga, na hakumwambia abaki wala aende.